Ulinzi wa ini unaouzwa pamoja na deksa

Ukipita kwenye famasi ndogo za mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kutoka Kadutu hadi Bagira, utakuta biashara moja imeshazoeleka. Msichana anaomba deksa, yaani vidonge vya homoni ya deksametazoni, ili anenepe. Muuzaji anakata vidonge kwa mkasi, anavikunja kwenye kipande cha karatasi ya daftari, kisha anaongeza vitamini C za rangi ya chungwa au kapsuli kadhaa za vitamini E. "Kunywa na hii, dada, italinda maini." Dada analipa na kuondoka, moyo umetulia.

Utulivu huo ndio unaonisumbua. Hoja kwamba antioksidanti, yaani vitamini kama hizo na vitu vingine vinavyozuia oksijeni kali kuchoma seli, hulinda ini dhidi ya homoni ina sehemu ya kweli, ina kosa kubwa ndani yake, na ina upande wa tatu ambao sisi Wakongo tungepaswa kuujua kuliko watu wengine, maana ulithibitishwa katika damu ya watoto wa nchi hii.

Tuanze na deksa yenyewe. Deksametazoni ni homoni iliyotengenezwa kiwandani kwa mfano wa kortisoli, ile ambayo tezi zilizo juu ya figo huitoa kwa wingi alfajiri. Tofauti yake kubwa ni nguvu. Miligramu 0.75 za deksametazoni hufanya kazi ya takriban miligramu 20 za kortisoli, kwa hiyo kidonge kimoja cha miligramu 0.5 kinakaribia kazi yote ya kortisoli ambayo mwili wa mtu mzima hutengeneza kwa siku nzima. Anayemeza viwili asubuhi na viwili jioni ameupa mwili wake mara tatu au nne ya mahitaji yake, na hakuna muganga aliyemwandikia.

Ikifika kwenye ini, homoni hii inapenya ndani ya seli, inashikana na kipokezi chake, na vyote viwili vinaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni fulani. Jeni zikiwaka, ini linatengeneza vimeng'enya, protini zinazoendesha kazi za kikemia za mwili, kwa wingi usio wa kawaida. Hili limejulikana tangu zamani. Mwaka 1957 Lin na Knox walionyesha kwamba kimeng'enya kinachovunja tairosini, moja ya asidi amino, katika ini la panya hupanda sana saa chache tu baada ya panya kupewa haidrokotisoni, yaani kortisoli ya dawa. Muda mfupi baadaye watafiti wengine wakaona jambo hilohilo kwa transaminazi ya alanini, ile inayoandikwa ALAT au SGPT kwenye karatasi ya labo. Ini la panya hao halikuwa na kidonda. Lilikuwa linatii amri.

Amri yenyewe ni ya wakati wa njaa na hatari. Kortisoli ikizidi, protini za misuli zinavunjwa, asidi amino zinasafirishwa hadi kwenye ini, na vimeng'enya hivyo vinazigeuza kuwa sukari. Mtumiaji wa deksa anajaa uso na tumbo huku mapaja na mikono ikipungua misuli. Sukari ya damu inapanda. Mafuta yanaanza kujikusanya ndani ya ini. Watu wanauona uso wa mviringo, wanasema amependeza, amepata mwili. Sehemu kubwa ya mwili huo ni maji na mafuta, na umelipiwa kwa nyama ya misuli yake mwenyewe.

Sasa tazama tatizo la neno "vimeng'enya vya ini", kwa sababu ndipo muuzaji na mteja wanapopotezana. Kuna vimeng'enya vilivyoongezeka ndani ya ini kwa amri ya homoni, na kuna vimeng'enya vilivyovuja kutoka kwenye seli zilizoumia na kuingia katika damu. Labo inapima hivi vya pili. Mtu mwenye ALAT ya 30 anaambiwa ini ni zima, na kweli huenda seli zake hazivuji. Lakini karatasi hiyo haisemi lolote kuhusu ini ambalo limeshabadilishwa kazi na linageuza misuli kuwa sukari usiku na mchana. Basi mtu akisema vitamini fulani "inashusha vimeng'enya", swali la kwanza liwe: vimeng'enya vipi, vya ndani au vinavyovuja?

Kwa vile vinavyovuja, antioksidanti wana hoja, na sitaki kuwanyima haki yao. Seli ya ini ikizidiwa, hutoa chembe kali za oksijeni zinazochoma utando wake, na utando ukitoboka vimeng'enya vinatoka. Vitamini E hukaa ndani ya mafuta ya utando huo na kukatiza uchomaji. Glutathioni, ambayo ini lenyewe hutengeneza, hufanya kazi ya namna hiyo kwenye majimaji ya seli. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mtu aliyemeza parasetamoli kupita kiasi: glutathioni yake inaisha, sumu inayotokana na dawa inaanza kuua seli za ini, na asetilisisteini, inayorudisha glutathioni, inaokoa maisha, hasa ikianza kutolewa ndani ya saa 8. Hakuna daktari anayebishana na hilo.

Kuna pia jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2010, la watu wazima 247 wenye ini lililojaa mafuta na uvimbe lakini wasio na kisukari. Walipewa vitamini E uniti 800 kwa siku, au dawa nyingine, au kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 96. Ini lilipata nafuu kwa asilimia 43 ya waliopewa vitamini E, dhidi ya asilimia 19 ya wale wa kidonge kitupu, na transaminazi zao, yaani ALAT na wenzake, zilishuka. Katika maabara mbalimbali panya waliopewa deksametazoni pamoja na vitamini E au dondoo za mimea wameonyesha ALAT iliyo chini kuliko wenzao waliopewa deksametazoni peke yake. Muuzaji wa Kadutu, hata kama hajui, ameegemea matokeo ya aina hii.

Kosa linaanzia pale anapodhani kwamba homoni hudhuru kwa njia ya kuchoma tu. Amri ya homoni inapita kwenye kipokezi na jeni. Vitamini C haikizibi kipokezi hicho, haizimi jeni iliyowashwa, wala haiondoi deksametazoni kwenye damu. Tena kuna jambo ambalo linapaswa kumfanya kila muuzaji afikiri mara mbili. Kipokezi cha kortisoli kina sehemu zenye salfa ambazo zikioksidishwa kinapoteza uwezo wa kushika homoni na kushika jeni. Mwaka 1996 watafiti wa Japani walionyesha kwamba thioredoksini, protini ya kuzuia uoksidishaji iliyomo ndani ya seli, inakirudishia kipokezi hicho uwezo wake na kuipa nguvu kazi ya homoni. Kwa maneno mengine, hali ya antioksidanti ndani ya seli ni sharti la homoni kufanya kazi vizuri. Hiyo haina maana kwamba kidonge cha vitamini C kitaongeza ukali wa deksa. Hatua kutoka kwenye seli ya maabara hadi kwa mtu ni ndefu. Maana yake ni kwamba picha ya askari anayesimama mlangoni kumzuia mwizi ni ya uongo tangu mwanzo. Antioksidanti wamo ndani ya nyumba, wanaishi na homoni, na wanashirikiana nayo.

Hapo ndipo ninapofika kwenye habari ya madini ya seleni, ambayo ninaamini ingefundishwa katika kila shule ya uuguzi nchini.

Wazee wa Bukavu wanakumbuka rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, za Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu. Kuanzia miaka ya 1960, François Delange na wenzake wa Ubelgiji, wakishirikiana na kituo cha utafiti cha Lwiro kaskazini mwa mji wetu, walichunguza kisiwa hicho na kukuta jambo la ajabu: iodini ilikuwa pungufu kisiwa kizima, lakini rovu zilijaa upande wa kaskazini na zilikuwa chache kusini-magharibi. Upungufu wa iodini peke yake haukutosha kueleza. Uchunguzi ukawaongoza kwenye muhogo, ambao usipoandaliwa vizuri huacha sianidi, na mwili ukiigeuza kuwa thiosianati, tezi ya shingo inashindwa kuchukua hata ile iodini kidogo iliyopo. Utafiti uliendelea kaskazini mwa nchi, Ubangi, ambako watoto wengi walizaliwa na udumavu wa akili na mwili uliotokana na ukosefu wa homoni ya tezi hiyo.

Huko Ubangi wakagundua kwamba watu walikuwa na upungufu wa pili: seleni. Seleni ni sehemu ya kimeng'enya kinachoitwa glutathioni peroksidazi, mmoja wa antioksidanti wakuu wa mwili. Wazo likaja lenye mantiki kabisa. Tezi ya shingo hutumia haidrojeni peroksidi, kitu kikali chenye kuoksidisha, ili kubandika iodini na kutengeneza homoni. Mtoto asiye na seleni hana kinga dhidi ya peroksidi hiyo; tezi inaungua na kukauka. Basi wape seleni, tezi ipone.

Wakawapa. Watoto wa shule na wagonjwa wenye udumavu walipata mikrogramu 50 za seleni kwa siku kwa miezi miwili, kiasi ambacho si kikubwa hata kidogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991 na Bernard Contempré na wenzake, na yalikuwa onyo. Homoni ya tezi katika damu ilishuka. Kwa wale ambao tezi yao ilikuwa imeshaharibika, hali ya ukosefu wa homoni ilizidi kuwa mbaya.

Sababu ilikuwa katika ini. Wakati uleule, kati ya mwaka 1990 na 1991, maabara za Ulaya na Marekani zilikuwa zimegundua kwamba kimeng'enya cha ini kinachoondoa iodini kwenye homoni ya tezi, yaani deiodinazi, nacho kimejengwa kwa seleni. Mtoto mwenye upungufu wa seleni alikuwa na deiodinazi dhaifu, na udhaifu huo ulikuwa unamhifadhia homoni yake chache. Seleni ilipoingia, kimeng'enya cha ini kiliamka na kuanza kuitumia ile homoni kwa kasi, huku tezi isiyo na iodini haina cha kurudishia. Kirutubisho kilichotolewa kwa nia ya kulinda kilibadilisha kimeng'enya cha ini, na kimeng'enya kikabadilisha homoni ya mwili mzima. Fundisho la kitabibu lililotoka hapo linatumika hadi leo: penye upungufu wa vyote viwili, iodini hutangulia, seleni hufuata.

Nimekaa hapa kwa muda kwa sababu habari hii inavunja sentensi ya kaunta kuliko hoja yoyote nyingine. Waliotoa seleni walikuwa wataalamu, walipima damu kabla na baada, walijua wanachokitafuta, na bado waliona athari ambayo hawakuitarajia. Muuzaji anayegawa kapsuli za "antioksidanti zenye seleni, zinki na vitamini" kwa msichana ambaye hajawahi kupimwa tezi, na ambaye kwao wanakula muhogo na chumvi ya kupimiwa kwenye vifuko visivyo na lebo, anafanya jaribio hilohilo bila kipimo.

Kuna hatari nyingine ambayo katika mji wetu naiona kuwa kubwa kuliko zote. Watu wengi hapa wanaishi na virusi vya homa ya ini aina ya B bila kujua. Homoni za jamii ya kortisoli hulegeza kinga, na virusi vilivyokuwa vimelala vinaweza kuamka na kuzaana; kisha mtu akiacha dawa, kinga inarudi na kushambulia seli za ini zilizojaa virusi. ALAT inaweza kupanda mara nyingi kupita kawaida, macho yakawa manjano, na wengine hufa. Uharibifu huo unafanywa na kinga yenyewe. Vitamini C haina la kufanya pale. Ningependelea mara elfu msichana atumie pesa ya hizo vitamini kupima homa ya ini B.

Kiasi kikubwa cha deksametazoni pia huwasha katika ini vimeng'enya vya kuvunja dawa, hasa kile kiitwacho CYP3A4. Wagonjwa wa kifua kikuu wanaijua hali hii kupitia rifampisini, ambayo hukiwasha kwa nguvu zaidi na kufanya dawa nyingine ziishe mwilini mapema, zikiwemo baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango. Transaminazi za labo hazionyeshi mabadiliko haya. Mtu anaweza kuwa na karatasi safi kabisa, na dawa yake ya ugonjwa mwingine haifanyi kazi.

Vijana wa ukumbi wa mazoezi nao wana deksa yao: sindano na vidonge vya homoni za kujenga misuli. Vile vya kumeza vingi vimebadilishwa kikemia ili visivunjwe haraka na ini, na uimara huohuo ndio unaolichosha. Nyongo inashindwa kutoka, transaminazi zinapanda, na wengine hupata uvimbe ndani ya ini. Wanauziana dondoo ya mbigili-maziwa, silimarini, kama ngao. Silimarini ilijaribiwa kwa uzito Marekani kwa wagonjwa 154 wa homa ya ini C, matokeo yakachapishwa mwaka 2012: hata kwa dozi kubwa, ALAT haikushuka kuliko kwa waliopewa kidonge kitupu. Ugonjwa ni mwingine, nakubali, lakini anayeuza ngao ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Na ngao yenyewe inaweza kujeruhi. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba dondoo ya chai ya kijani kwenye vidonge, ikifikisha miligramu 800 kwa siku za kiambato chake kikuu, inaambatana na kupanda kwa transaminazi. Mwaka 2019 Italia ilipata wagonjwa walioumia ini baada ya kutumia virutubisho vilivyokolezwa vya kiungo cha manjano (binzari). Vitamini E uniti 400 kwa siku, katika jaribio la Marekani la wanaume zaidi ya 35,000, iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17, kama ilivyotangazwa mwaka 2011. Finland, mwaka 1994, wavuta sigara waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wale ambao hawakupewa. Vitu hivi vikiwa ndani ya chakula havijaonyesha madhara hayo.

Chakula kina hesabu nyingine. Mboga hazifanyi kazi kwa kumwagia seli maji ya kuzimia moto; viambato vya kabichi, kwa mfano, huisumbua seli kidogo tu, nayo kwa kusumbuliwa inawasha jeni zake za kujikinga na kuongeza glutathioni yake yenyewe. Kipimo kinabaki kidogo, mwili ndio unaoamua kiasi. Sombe, majani ya muhogo, iliyotwangwa na kuchemshwa hadi iive kabisa, na mawese mekundu yenye karotini na vitamini E juu yake, lengalenga (mchicha), samaki wadogo wa ziwani waitwao sambaza, wenye seleni: mama wa Bukavu mwenye sufuria hiyo hana sababu ya kununua kapsuli. Kahawa nayo inastahili kutajwa. Tafiti za watu wengi katika nchi mbalimbali zinakuta wanywaji wa kahawa wana ALAT na gamma-GT, kimeng'enya kingine cha ini kinachopimwa labo, za chini zaidi, na inaniuma kwamba arabika ya Idjwi na Kalehe inapakiwa kwenda kunywewa Ulaya wakati sisi tunakunywa chai ya sukari nyingi. Lakini hata sahani hii haiwezi kufuta deksa. Anayekula sombe kila siku na kumeza vidonge vinne bado yuko chini ya amri ya homoni.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: vitamini inayouzwa pamoja na deksa inaongeza madhara, kwa sababu inamwondolea mtu hofu ambayo ilikuwa na haki ya kuwepo. Ingekuwa heri akiuziwa deksa peke yake na akaambiwa ukweli wake, na heri zaidi asiuziwe kabisa bila karatasi ya daktari. Ukaguzi wa famasi katika jimbo letu unafuatilia sana dawa bandia na zilizopitwa na muda. Deksa ni dawa halisi, haijapitwa na muda, na inapita mbele ya macho ya wakaguzi kila siku.

Waganga nao wabadilishe swali. Mgonjwa akija na transaminazi zilizopanda, mara nyingi huulizwa kuhusu pombe na malaria, basi. Aulizwe kwa upole, bila kufokewa na bila mume au mama mkwe kuwa chumbani: unatumia kitu cha kunenepa? Unapaka mafuta ya kujichubua? Mengi ya mafuta hayo yana klobetazoli, homoni ya jamii ileile, na ikipakwa mwili mzima kila siku inaingia kwenye damu. Akikubali, apimwe sukari na homa ya ini B kabla ya kuandikiwa chochote chenye jina la vitamini.

Na wewe dada unayesoma haya huku pakiti iko kwenye mkoba: ikiwa umeitumia kwa wiki kadhaa, usiitupe leo kwa mara moja. Tezi zako za juu ya figo zimeacha kufanya kazi kwa sababu zilikuta kazi imeshafanywa, na zinahitaji muda kuamka. Ukiacha ghafla unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, shinikizo la damu kuanguka hadi kuzimia. Nenda kituo cha afya, mwambie muganga umemeza vingapi kwa siku na kwa muda gani, akupangie namna ya kupunguza hatua kwa hatua. Pakiti ichukue uende nayo, ili asome miligramu mwenyewe.